Cicely Tyson kaninyima usingizi
Jana nimelala saa nane usiku, na wa kulaumiwa ni Cicely Tyson, yule mwigizaji Mmarekani Mweusi. Nilianza na How to Get Away with Murder, ile tamthilia ya mawakili anayocheza kama mama yake Viola Davis. Kuna pale binti, wakili mzima anayetetemesha mahakama, anakaa chini katikati ya magoti ya mama yake achanwe nywele. Kitana kinapita taratibu, na siri ya miaka mingi inatoka. Nilimkumbuka bibi yangu, machozi hayo!

Basi nikarudi hadi 1974, filamu ya televisheni The Autobiography of Miss Jane Pittman. Hajafika hata hamsini, lakini anacheza ajuza wa miaka 110. Mtazame anavyojikokota na mkongojo kwenda kunywa maji kwenye bomba lililotengwa kwa Wazungu tu.

Kazi nyingi zilimpita kwa sababu alikataa kuigiza nafasi za kuwadhalilisha watu Weusi. Tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani Marekani, aliichukua 2013, akiwa na miaka 88. (Ndiyo, themanini na nane.) Alifariki Januari 2021, siku mbili tu baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.

Leo kazini nasinzia, na bado nimebakiza sehemu mbili.