Kona moja ilikuwa hewani

Nilipoirudisha fremu mezani asubuhi ile, kona tatu zilikaa, ya nne ikabaki hewani. Nikaibonyeza, ikashuka. Nikaiachia, ikapanda, kama kigoda chenye mguu mfupi. Nikaingiza rula chini yake: milimita 7. Wiki sita za kukata na kupiga tupa, na sasa nina chasisi, yaani fremu ya gari ninalolijenga, iliyojisokota.

Gari lenyewe nililokuwa nalitaka ni la viti viwili, pua ndefu, magurudumu yako nje ya bodi. Ni la ukoo wa Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957 akiwa na wazo moja kichwani: uzito ni adui. Watu wamekuwa wakiliiga majumbani mwao miaka yote hii, na sababu yake iko wazi ukiliangalia bila mabati. Fremu yake ni paipu nyembamba zilizonyooka, zimeunganishwa pembetatu kwa pembetatu. Hakuna kitu cha kukunjwa na mashine ya kiwandani. Ukiwa na msumeno, grenda, mashine ya kuchomelea na subira, unaweza. Hiyo ya mwisho ndiyo sikuwa nayo ya kutosha, kama mtakavyoona.

Nilitumia paipu za mraba za chuma laini, milimita 25 kwa 25, unene milimita 1.6. Mita moja ina uzito wa kilo 1.2 hivi, na mimi nilitumia kama mita 50, kwa hiyo fremu tupu ilikuwa kilo 60. Chukueni paipu nyeusi za kawaida. Zile zilizopakwa zinki zinavutia kwa kung'aa, lakini ukizichomelea moshi wake ni sumu, na usiku unaweza kulala na homa bila kujua imetoka wapi.

Kabla ya kukata chuma nilitengeneza fremu ndogo ya vijiti na gundi. Niliona aibu kidogo, mtu mzima anacheza na vijiti, ila hakuna kilichonifundisha zaidi. Unaishika mbele na nyuma, unaisokota kama unayekamua nguo, na macho yako yanaona penye udhaifu. Kisanduku cha mraba kinalegea. Ukikitia kijiti kimoja cha mshazari, kinakakamaa papo hapo. Yangu ililegea sehemu ya injini, kwa sababu juu pale huwezi kuweka mshazari. Injini itaingilia wapi? Nikaliandika hilo ukutani, nikaendelea.

Meza ndiyo iliyokula muda. Ubao mnene juu ya fremu ya chuma, nikaupima kwa pimamaji huku na huku na kwa uzi uliovutwa kona hadi kona. Nikachora mstari wa katikati, nikachora fremu yote kwa ukubwa wake halisi, kisha nikapigilia vipande vya mbao pande zote mbili za kila mstari ili paipu ikae bila kucheza. Kukata ni kukata tu. Ila msikubali nafasi kubwa kwenye maungio mkidhani mtaijaza kwa kuchomelea. Nafasi kubwa inadai chuma kingi cha kujazia, chuma kingi ni joto jingi, na joto ndilo lililoniponza.

Nilipiga nukta fremu nzima kwanza, yaani vichomeleo vidogo vya kushikilia tu, viwili au vitatu kila ungio, nikapima mishazari ya kila kisanduku. Zote zilikubaliana ndani ya milimita 1. Nilijiona fundi. Basi jioni moja, ili nizifikie vizuri sehemu za chini, nikafungua klampu zote, vile vibano vilivyoishika mezani, nikaigeuza fremu kwa ubavu, nikachomelea upande wote wa kushoto kwa mkupuo mmoja. Palikuwa na paipu moja karibu na nafasi ya injini ambayo mshono wake ulitoka mzuri ajabu, magamba yamepangana kama ya samaki. Nikampigia rafiki yangu aje aone.

Kilichotokea ni hiki. Chuma kilichoyeyuka kikipoa kinanywea, na kikinywea kinavuta paipu kuelekea kwake. Mshono mmoja unavuta kidogo sana, usingeona. Mishono ishirini upande mmoja, fremu ikiwa haijashikwa na kitu, inavuta yote kwa pamoja.

Siku mbili sikuigusa. Nilifikiria kuipasha joto upande wa pili ili nao unywee, na wapo mafundi wanaonyoosha chuma hivyo, lakini kwa paipu nyembamba na mkono wangu niliogopa. Nikaamua kukata. Nikachukua diski ya milimita 1, nikafungua maungio kwenye mishazari. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu likatoa mlio, "ti!", na ile kona ikashuka yenyewe juu ya ubao. Nilicheka peke yangu.

Mara hii nilifunga klampu kila nilipopata nafasi. Nikawa nachomelea sentimita 2 au 3, nahamia kona ya mkabala, halafu nangoja mpaka paipu ishikike kwa mkono mtupu. Ilinichukua siku nne kazi niliyotaka kuimaliza jioni moja. Kosa lililobaki likawa chini kidogo ya milimita 1.

Mabano ya kushikia ami za sasipensheni, ile mikono inayounganisha magurudumu na fremu, sikuyachomelea mimi. Nilikuwa nimechomelea vipande vya majaribio, nikavipasua, nikakuta viwili kati ya kumi chuma hakijapenya. Kwa mshono unaoshika gurudumu, viwili ni vingi mno. Nilipanga kila kitu kwa boliti ndefu iliyopita mabano yote kwa pamoja, nikamwita mzee mmoja wa kazi hiyo. "Kijana, umepanga vizuri," akasema, "lakini mkono wako una haraka." Sikubisha.

Kisha nikaipima ugumu. Nyuma nikaifunga mezani, mbele ikaegemea boliti moja ya katikati, nikafunga bomba refu kukatiza pua na kutundika mchanga kilo 50 mita moja kutoka katikati. Hapo unaisokota kwa nguvu ya niutoni-mita 490 hivi (niutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kusokota). Kwa rula mbili zilizoachana mita moja, tofauti ilikuwa milimita 8, yaani karibu nusu digrii; kuisokota digrii moja kungehitaji kama niutoni-mita 1,070. Ni hafifu. Nikaongeza mishazari ya kufunga kwa boliti juu ya injini, ile niliyoiandika ukutani, na bati la sakafu lililopigwa ribiti. Tofauti ikashuka hadi milimita 5, sawa na niutoni-mita 1,700 kwa digrii. Mishazari hiyo inafunguka kwa nati nne injini ikitaka kutoka.

Watu wawili tuliinyanyua kutoka mezani bila kuhema. Tukashusha injini taratibu kwa winchi, ikakaa kwenye raba zake, isipokuwa chujio la oili liligusa paipu moja ya kushoto. Ile yenye magamba ya samaki. Nikaikata.