Siku moja ya msoma picha za ubongo

Saa 1:30 asubuhi. Foleni ina wagonjwa tisa, na wanne wameandikiwa neno moja: "kusahau". Halinitoshi. Anasahau nini, tangu lini, na nani aliyegundua?

Saa 2:15. Mama wa miaka 71 anaingia na binti yake. Tunamvua hereni, saa na pini tatu za nywele. Ya nne anaigundua binti. Ahsante yake, maana sumaku ya mashine ya MRI, yenye nguvu ya tesla 1.5, haina mzaha na chuma. "Mama, mashine itagonga kama fundi bati, wewe tulia tu." Sawa mwanangu, anajibu. Dakika mbili baadaye anauliza tumekuja kufanya nini hapa. Binti anaangalia sakafu.

Kichwa kikacheza, picha ikatoka na mawimbi. Tukarudia. Kwa wagonjwa wa namna hii huwa naanza na T1, picha inayoonyesha umbo la ubongo, ile inayoikata kwa upana hipokampasi, mlango wa kumbukumbu mpya, kabla hawajachoka.

Saa 4. Nasoma. Natafuta kwanza vinavyotibika: damu iliyovilia chini ya fuvu, uvimbe, maji yaliyozidi. Hakuna. Madoa meupe machache tu, daraja la 1 kwenye Fazekas, kipimo cha madoa hayo. Halafu hipokampasi. Imenywea, na maji yamejaa pembeni yake. Kipimo cha kunywea huko, cha Scheltens, huenda 0 hadi 4, na kwa aliye chini ya miaka 75, kuanzia 2 si kawaida. Naandika 3 kulia, 2 kushoto. Siandiki "Alzaima": kunywea huko kuna visababishi vingine pia.

Saa 6. Binti anarudi na bahasha iliyokunjika: picha za miaka mitatu iliyopita. "Nilidhani hazina kazi tena." Naziweka sambamba na za leo. Wakati ule ilikuwa 1, pande zote mbili. Sasa nina cha kuandika.

Saa 9. Mzee wa miaka 80, amebadilika ndani ya wiki mbili. Damu iliyovilia chini ya fuvu imeusukuma ubongo upande mmoja. Kumbe aliteleza bafuni mwezi uliopita, hakuna aliyeona la kusema. Huyu sisubiri ripoti, nampigia daktari wa upasuaji papo hapo.

Saa 11 jioni. Binti anapiga simu. Ripoti ataipata kwa daktari wa mama yake, namwambia. Kimya kidogo. Anauliza: na ile bahasha, aitupe? Aitunze, na hizi mpya aziweke humo humo.