Simu ya kupeleka nyumbani: programu za kuweka huku ughaibuni na za kuachia ziwekwe Unguja na Pemba

Ramadhani ikikaribia, au likizo ya Disemba, Wazanzibari walioko Uingereza, Oman, Kanada na kwengineko hununua simu za kuwapelekea wazee. Wengi huzijaza programu wanazotumia wenyewe London au Muscat. Mama wa Chake Chake akiishika, nusu hazimfai na nusu hazifunguki. Programu zichaguliwe kwa maisha ya anayekwenda kuitumia simu: bando lake, umeme wake, ibada yake, bahari yake. Kazi igawanywe mafungu mawili. Vitu vizito vinavyokula GB vishushwe huku kwenye waifai yako. Vile vinavyofungamana na namba ya simu au na nchi viachwe mpaka laini ya nyumbani iingie.

Kwanza simu yenyewe, kwa sababu programu hazina maana kwenye simu isiyoshika mtandao. Uingereza kampuni za simu zimekatazwa tangu Disemba 2021 kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja, lakini simu iliyotumika bado inaweza kuwa imefungwa, na Marekani kufungwa ni jambo la kawaida. Dawa yake ni kutia laini ya kampuni nyengine kabla hujalipa na kupiga simu moja. Kuna baadhi ya Samsung mpya ambazo zimefungwa kwa eneo: hazikubali laini ya nje mpaka zipigiwe simu ya zaidi ya dakika tano kwa laini ya kule zilikouzwa. Stika ya kwenye boksi husema hivyo, ila watu hawaisomi. Ifanye simu hiyo ya dakika tano ukiwa huku, maana ikishafika Wete hakuna wa kuifanya. Na iPhone kuanzia toleo la 14 zilizouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini. Mzee aliyezoea kwenda dukani na kadi yake ya laini mkononi usimpelekee hiyo.

Simu iliyotumika ina jambo moja zaidi. Bonyeza *#06#, uone namba ya IMEI (utambulisho wa kila simu), mtumie jamaa aliyeko nyumbani naye aitume kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu linataja aina na modeli ya simu. Likitaja simu nyengine na ile iliyo mkononi mwako, iache hapo hapo. Mwezi wa Juni 2016 Tanzania ilizima simu bandia kwenye mitandao yote, na utaratibu wa kuzitambua kwa IMEI ungalipo.

Nafasi ya kuhifadhia isipungue GB 64. Simu ya GB 32 mfumo wake wenyewe humeza sehemu kubwa, halafu makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya harusi na ya msiba hula iliyobaki ndani ya miezi michache, na hapo ndipo simu inapoanza kugoma kupiga picha na kukataa masasisho. Chaja ya Uingereza ya pini tatu inaingia kwenye soketi za Zanzibar bila adapta. Ya Ulaya na ya Marekani haziingii. Pawabenki ni zawadi ya maana kwa sababu ya umeme kukatika, lakini kwenye ndege iende mkononi, isiwe kwenye begi la chini, na isizidi Wh 100, ambazo ni kama mAh 27,000.

Sasa akaunti ya Google, mahali ambapo simu nyingi huharibikiwa. Usiitie simu ya mama akaunti yako. Siku mjukuu akiifuta yote na kuianzisha upya, simu itadai akaunti ile ile na neno lake la siri, na haitafunguka bila hilo. Mfungulie akaunti yake, uandike neno la siri kwenye karatasi, na karatasi ikae kwa mtu mmoja anayeaminika nyumbani. Ukiweka uthibitisho wa hatua mbili, Google inakupa namba 10 za akiba. Ziandike kwenye karatasi ile ile. La sivyo, simu ikiwashwa Mkoani, Google itaona nchi mpya, itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Uingereza, nawe uko kazini zamu ya usiku.

Akaunti iliyofunguliwa huku pia inaweza kuhesabiwa kuwa ya nchi ya huku. Duka la programu linaweza basi kuzificha programu za kampuni za simu za Tanzania na kusema hazipatikani katika nchi yako. Nchi ya akaunti inabadilishwa mara moja tu kwa mwaka, na kuibadilisha kunataka uwe ndani ya nchi hiyo na njia ya malipo ya huko. Kwa hivyo njia iliyo nyepesi ni kuacha akaunti ifunguliwe kule kule, na wewe huku ushushe yale mazito kwa akaunti ya muda, kisha uiondoe kabla simu haijasafiri. Ukiiondoa, programu zinabaki zilivyo. Zitangoja tu akaunti mpya ili ziendelee kusasishwa.

Programu ya pesa watu huiona ndiyo ya kwanza kuweka, wakati wazee wengi hawaihitaji. Menyu ya kubonyeza inafanya kazi bila bando na bila intaneti: *150*00# ni M-Pesa, *150*60# Airtel Money, *150*01# Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), *150*88# HaloPesa. Hifadhi hiyo ya mtandao wake kwenye orodha ya majina kwa jina la "Pesa", aibonyeze kama anampigia mtu. Hata ukimtumia kwa NALA, WorldRemit au Wise, programu ni yako wewe mtumaji. Yeye anapokea ujumbe tu. Kijana anayenunua umeme wa TUKUZA (wa kulipia kabla) kila wiki, analipa kwa ZanMalipo (mfumo wa malipo ya serikali) na kutuma kwa watu wengi, huyo programu ya kampuni yake itamsaidia, kwa kuwa anaona historia ya malipo na anaweza kuinakili ile tokeni ya tarakimu 20 bila kukosea. Aishushe mwenyewe akiwa na laini yake ndani ya simu, maana nyingi hukagua kama laini iliyosajiliwa ndiyo hiyo iliyomo.

WhatsApp hakuna asiyeitaka, lakini usiisajili huku. Namba ya uthibitisho ya tarakimu sita inakwenda kwenye laini ya nyumbani. Ukiisajili kwa laini yako, mama atakuwa anaongea na ukoo mzima kwa jina lako. Ikishasajiliwa kule, kuna mambo manne ya kupanga, na ni vyema aliye karibu naye ayafanye hapo hapo. Kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima kupakua picha na video kwenyewe wakati wa kutumia bando. Hilo moja linaokoa bando kuliko mengine yote. Kwenye hapo hapo, washa kutumia data kidogo wakati wa simu. Kwenye sehemu ya akaunti, weka namba ya siri ya hatua mbili, kwa sababu matapeli hupiga wakijifanya wa kampuni ya simu na kuomba ile namba ya tarakimu sita. La nne, akiba ya mazungumzo iende Google bila video. Nafasi ya bure ni GB 15, na barua pepe na picha zinaigawana.

Simu ya sauti ya WhatsApp inakula kama nusu MB kwa dakika. Ya video huzidi hapo mara nyingi. Mwenye jamaa Dubai ajue kwamba simu za WhatsApp zimezuiwa huko, na watu wanatumia Botim, nayo lazima iwepo kwa wote wawili. Mkumbushe mama kabla hajadhani kuwa mwanawe hataki kupokea.

Programu ya nyakati za sala ni ile inayofunguliwa mara tano kwa siku, basi inastahili kupangwa vizuri kuliko zote. Usiiache ijitafutie mahali kwa satelaiti. Chagua mji wa Zanzibar kwa mkono, au Wete na Chake Chake ikiwa umo. Inakula betri kidogo na haihitaji intaneti. Kisha ingia kwenye mpangilio wa Alasiri. Nyingi hutoa njia mbili, ya Shafii na ya Hanafi. Zanzibar walio wengi ni Shafii, na ukiacha ya Hanafi, adhana ya Alasiri italia karibu saa nzima au zaidi baada ya msikitini. Mzee akisikia hivyo siku mbili hataiamini tena programu hiyo, na ana haki. Linganisha nyakati zote na ratiba ya msikiti wa mtaa. Kukiwa na tofauti ya dakika chache, zipo sehemu za kuongeza na kupunguza kila sala.

Kibla cha Unguja na Pemba kinakaribia kaskazini kamili: Unguja kama digrii moja tu kuelekea mashariki, Pemba hata hiyo haifiki. Ikiwa sindano inaonyesha 119, programu bado inajiona iko London. Ikiwa inayumba huku na kule, toa kava lenye sumaku. Hizo za kufunga kwa sumaku zinavuruga dira. Usomaji wa Kurani kwa sauti ushushe huku, kwa msomaji anayempenda mwenyewe, kwa sababu faili zake ni mamia ya MB. Na chagua programu isiyo na matangazo, hata ukiilipia.

Kwa wanaoishi na bahari, yaani wavuvi wa Nungwi na Kojani, na akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, jedwali la maji kujaa na kupwa lina faida kubwa kuliko michezo yote ya simu. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kina hukaribia mita nne, na hapo ndipo mashamba ya mwani yanapofikika kwa miguu. Chagua programu inayohifadhi jedwali la mwezi mzima bila intaneti, kituo kiwe Zanzibar na kisiwe Mombasa, vipimo viwe vya mita, saa iwe ya Afrika Mashariki. Simu iliyopangwa Uingereza ikibaki na saa ya Uingereza, jedwali litakosea kwa saa mbili au tatu, na kosa la saa tatu baharini linatosha kukutana na maji yanayopanda. Bora uiache saa ya simu ijipange yenyewe kwa mtandao. Kwa upepo kuna Windy, inayoonyesha kusi na kaskazi kwa mafundo na uelekeo, ila inataka intaneti. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa isikilizwe ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, hata kama Windy inaonyesha shwari.

Ramani: Organic Maps inashusha nchi nzima mara moja na kufanya kazi bila bando. Google Maps nayo inahifadhi eneo, ila huisha muda baada ya mwaka mmoja kama haikusasishwa. Mpangie kibodi ya Gboard kwa Kiswahili na umuonyeshe alama ya maikrofoni, asiyependa kuandika aseme. Redio ya FM ya ndani ya simu haili bando hata kidogo, lakini inataka waya wa masikioni uwe antena. Simu nyingi za bei kubwa hazina FM kabisa. Kwa msikilizaji wa Redio Jamii Micheweni, simu ya bei nafuu yenye FM inaweza kumfaa kuliko ya fahari.

Zipo na za kukataa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Hizi huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, kisha huwatumia ndugu na majirani ujumbe wa kumuaibisha mkopaji. GB WhatsApp na nduguze si za kampuni yenyewe, na namba inaweza kufungiwa. Tochi inayoomba kusoma majina au ujumbe haina kazi nayo; tochi ya simu inatosha. Programu za "kusafisha" na "kupoza" simu huleta matangazo na kumaliza betri. Files ya Google inafuta video zilizojirudia bila fujo. Na faili la programu linalotumwa kwa WhatsApp, hata likitoka kwa shemeji, lisifunguliwe.

Siku simu ikifika, laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole iingie kwanza, kisha *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ikiwemo asiyoijua, aende ofisi ya kampuni hiyo ikafutwe. Halafu akaunti, halafu WhatsApp, halafu saa ya sala ilinganishwe na adhana ya Magharibi ya siku hiyo hiyo. Masasisho yawekwe yasubiri waifai. Mwisho aliye karibu naye amuonyeshe mama namna ya kusambaza ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha wajaribu pamoja kwa ujumbe wa kweli, haukawii kuja.