Boxer, kabureta na databesi ya faili moja

Ukisimama Kondele hapa Kisumu jioni uangalie boda zinazopita, nyingi ni pikipiki aina ya Boxer, na watu husema ni juu ya bei ama spea kupatikana, sawa, lakini mimi naona kitu kingine hapo. Injini ni silinda moja, inapozwa na upepo tu, hakuna radieta wala maji ya kuisha, na petroli inaingia kwa kabureta: hewa ikipita pale pembamba presha inashuka, mafuta yanavutwa kutoka kwa kibakuli kupitia katundu kadogo kanaitwa jeti. Basi. Ikikataa kuwaka fundi chini ya mwembe anaifungua, anacheki plagi, anapuliza jeti na mdomo, na abiria bado amesimama hapo anauliza kwani tunafika ama hatufiki.

Siku hizi kuna injeksheni, yaani mafuta yanapulizwa ndani kwa kipimo cha kompyuta badala ya kabureta, na siidharau, inakula mafuta kidogo na moshi wake umepungua, ndio maana India pikipiki mpya zilibadilika sana sheria ya moshi inayoitwa BS6 ilipoanza Aprili 2020. Dereva mwenyewe ameondolewa hata kazi ya kuvuta choki asubuhi. Lakini ule ugumu umehamia kwa sensa na kompyuta ndogo, na siku ikigoma fundi wetu wa mwembe anaangalia tu ile taa ya onyo inawaka, vile wewe unaiangalia. Kwa hivyo mtu akiniambia ametengeneza kitu simpo nauliza simpo kwa nani?

Mimi huandika programu. Kuna duka la hadiwea Kibuye niliwawekea sistimu ya stoki na vijana wenzangu wakanicheka, omera, hata klaudi (kompyuta za mbali kwa intaneti) hakuna? Hakuna. Ni kompyuta moja na SQLite, programu ndogo ya kutunza data, databesi yote iko kwa faili moja. Bekapu ni kufunga programu, kukopi hiyo faili kwa flashi, kwisha, na dada wa kaunta anafanya mwenyewe jioni bila kunipigia simu. Stima ikipotea katikati ya kuandika (na itapotea, hii ni Kisumu), ukiwasha tena SQLite inarudi pale mambo yalikuwa sawa mara ya mwisho. Ningeweka Kubernetes, ile sistimu ya kuendesha programu kwa kompyuta nyingi, ningeonekana msomi sana, sawa, halafu fundi ningekuwa mimi peke yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kukataa vitu. Mwenye duka alitaka chati, rangi, ripoti za kila aina, tukakaa chini tukaongea weee, ikatokea kumbe zile anasoma ni mbili tu: nini imeisha, na nani ana deni.

Shida ni SQLite inakubali mwandishi mmoja kwa wakati, na kuweka hiyo faili kwa netiweki watu wa maduka mawili waiandikie ni kutafuta balaa. Sasa mzee anataka kufungua tawi Ahero. Hapo lazima twende Postgres, databesi ya kukaa kwa seva watu wengi waiandikie pamoja, na mtu wa kuiangalia, na nimemwambia hiyo pesa ni ingine kabisa. Amesema tutaongea.