Kibaraza cha mama
Kibaraza cha mama kule Bagamoyo kimepita masika mawili, na kila nikifika bado nakipapasa kwa kiganja. Kile cha mwanzo kilimomonyoka. Ukikanyaga, mchanga unabaki kwenye nyayo.

Safari hii tulileta vumbi la mawe kutoka mashine za kokoto Lugoba, lile linalolundikwa pembeni kama uchafu. Fundi aligoma: "Kaka, hiyo si taka?" Nikamsihi tujaribu, kila ndoo tatu za mchanga moja iwe vumbi. Chembe zake zina kona kali, zinashikana vizuri, na unga wake mwembamba unaziba vitundu ambavyo maji ya chumvi yangepitia hadi kwenye nondo.

Ila unga huo unakunywa maji! Zege lilikakamaa, kijana wa koleo akataka kuongeza ndoo. Nikakataa katakata, maana maji yakizidi nguvu inapotea. Tukachekecha vumbi, tukalipunguza, na zege lililofuata likalainika. Kisha magunia juu, mama akiyamwagilia asubuhi na jioni kwa siku 14.

Jana nilimwaga ndoo nzima pale. Maji hayakuzama, yalitiririka yote hadi kwenye mchicha wake.