Mizani ya Tisa

Jana jioni binti yangu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na daftari lake la Kiswahili, anaandika huku anaimba. Akafika kwenye kiitikio cha ule wimbo wangu, akanyamaza, akainua uso.

"Baba, hapa umekosea. Si 'nyumba i kando ya maji'. Mwalimu amesema ni 'iko'."

Nikamwambia si kosa.

"Nani kakwambia?"

Hapo ulimi ukawa mzito, maana swali hilo sijawahi kulijibu mbele ya mtu.

Ilikuwa Januari 2012, kaskazi imeshika. Ile piano niliinunua hapa Malindi, kwenye hoteli ya ufukweni iliyokuwa ikifunga, kwa pesa zote za albamu ya kwanza, zile CD nilizozichoma mwenyewe na kuziuza mkono kwa mkono kwa shilingi 200. Watu walinishangaa: roki bila gitaa, na huyo mpiga piano mwenyewe anaibeba piano kuipeleka Lamu, mji usio na njia ya gari! Lakini nilikuwa nimeshamsikia yule Mmarekani, Ben Folds, na wenzake wawili, piano, besi na ngoma, na tangu siku hiyo sikutamani gitaa tena. Lori likapita Garsen na Witu kwenye vumbi tupu mpaka Mokowe, kisha jahazi. Sina la kusimulia juu ya safari hiyo, nilikuwa nimefumba macho nusu yake.

Mahamali walikuwa sita. Piano ya kusimama ina fremu ya chuma cha kusubu ndani yake, uzito wake unapita kilo 200, na walikuwa wameifunga kamba kwenye mipiko miwili wakiitikiana kila hatua. Tulipita kichochoro cha kwanza, tukapita cha pili. Kwenye kona ya tatu, kule Mkomani, ikagoma. Ubavu mmoja umebana ukuta huu, mwingine umebana ule, haiendi mbele wala hairudi. Punda wawili wenye mawe wakasimama nyuma yetu. Kijana mmoja akasema tuchonge pembe ya ukuta kidogo tu, mkubwa wao akamkaripia: nyumba hii ni ya matumbawe na chokaa, ina umri mkubwa kuliko babu yako, nani atakuja kuurudisha ukuta?

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Bibi mmoja, leso begani, vidole vyeupe kwa nazi aliyokuwa akiikuna.

"Mmefunga ndia, wanangu," akasema. "Kingizeni dakani hicho kinanda."

Wakakisukuma dakani, ule ukumbi wa mlangoni, baina ya baraza mbili za mawe, kikaenea kama kilichopimiwa. Njia ikafunguka, punda wakapita, mahamali wakaketi kunywa maji.

Mimi sikuweza kungoja. Nikafunua kifuniko. Vumbi jekundu la Garsen lilikuwa limekaa juu ya vibonye vyote 88. Nikalifuta kwa kiganja, nikaanza kujaribu sauti moja moja. Sauti za kati kila moja ina nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo moja, na safari ilikuwa imelegeza uzi mmoja wa sauti ya "la", ile ya sita katika do-re-mi, ikawa inatetemeka kama mtu anayezuia kilio. Sikuichukia. Nikakaa juu yake, nikairudia, na nikaimba mstari niliokuwa nao kichwani tangu Mokowe:

"Nyumba iko kando ya maji."

Bibi alikuwa bado amesimama mlangoni. "Imba tena."

Nikaimba tena. Akainua mikono yote miwili na kuanza kuhesabu, kidole kwa kidole, punje za nazi zikidondoka. Nyu, mba, i, ko: vidole vinne vya mkono wa kulia. Ka, ndo, ya, ma: vinne vya kushoto. Gumba halihesabiwi, maana mshororo wa utendi ni mizani nane, yaani silabi nane. Ikabaki "ji", haina kidole. Akaniangalia, gumba lake limesimama peke yake.

"Imezidi moja. Ondoa 'ko'. 'I' yatosha."

Nikaondoa. *Nyumba i kando ya maji.* Pale palipokuwa na "ko" pakabaki tundu, na katika tundu lile, ile "la" inayotetemeka ikasikika peke yake kwa mara ya kwanza. Mwili ulinisisimka. Mahamali wenyewe waligeuka. Bibi akarudi kwenye nazi yake bila neno jingine.

Siku ya tatu tuliizungusha piano kwa njia ya pwani, ikafika chumbani kwangu. Albamu ya pili niliirekodi humo, hewa ya chumvi ikila nyuzi kila mwezi, na wimbo ule ndio uliokuja kunilisha. Mnaununua mpaka leo mtandaoni, kwenye Bandcamp. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka kuuchukua, iongeze magitaa na imiliki haki zote. Nilikataa, na bado naona nilifanya vyema. Niliwaambia kila neno la wimbo huu ni langu.

Kisha nikajaza fomu ya kuusajili. Mtunzi wa muziki, jina langu. Mtunzi wa maneno, jina langu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inaulinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Niliisoma sentensi hiyo nikafikiria watoto wangu. Sikumfikiria yeye.

Mwaka 2016 nilirudi na CD mkononi. Daka limepakwa chokaa mpya, ndani mafundi wanatengeneza nyumba ya wageni. Wakaniambia mwenye nyumba amefariki. Majirani walikuwepo wamekaa barazani, ningeweza kuwauliza jina lake, na wana wake wako wapi. Niliamkia, nikapita. Niliogopa wataniuliza namtakia nini, na jibu lingekuwa lazima litaje pesa.

Je, mtu anayeondoa silabi moja ametunga? Nimejiuliza hivyo miaka mingi, na kila nikiliondoa tundu lile kichwani wimbo unakufa mkononi mwangu.

Haya yote nilimweleza binti yangu jana, isipokuwa la pesa. Akasikiliza mpaka mwisho, penseli mdomoni. Kisha akahesabu mwenyewe, na magumba akayatia. Kwa vidole vyake kumi "iko" inaenea, na kimoja kinabaki.