Nilivyojifunza kununua chapa za Baselitz nikiwa Kisumu

Watu wakijua nina chapa, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi, za msanii Mjerumani Georg Baselitz nyumbani, swali la kwanza huwa la pesa. La pili ni kwa nini zimetundikwa kichwa chini. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu anayeliruka akakimbilia bei huishia kununua jina tu.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Nina karakana ndogo karibu na Mtaa wa Oginga Odinga: kadi za harusi, vitabu vya risiti, na zaidi ya yote programu za mazishi, ambazo kila Alhamisi jioni zinatakiwa jana. Mashine yangu ya kuchapa ni Heidelberg ya mtumba, ya Kijerumani. Ndiyo iliyonipeleka Düsseldorf mwaka 2016 kwenye drupa, maonyesho ya mitambo ya uchapaji, na huko, kwenye dirisha la duka la chapa za zamani, nikaona chapa ya Baselitz ya ndege tai miguu juu. Nilidhani mwenye duka amekosea kumtundika. Kisha nikaona sahihi ya penseli pembeni chini, imesimama sawasawa.

Baselitz alizaliwa 1938 katika kijiji cha Deutschbaselitz, Saxony, akaitwa Hans-Georg Kern. Jina la kijiji alilichukua 1961. Kabla ya hapo chuo cha sanaa cha Berlin Mashariki kilikuwa kimemfukuza kwa madai kwamba hajakomaa kisiasa, akavuka upande wa magharibi. Huko nako, mwaka 1963, picha zake mbili zilitwaliwa na waendesha mashtaka kwa kuwa eti ni chafu. Mwaka 1969 ndipo alipoanza kuchora vitu kichwa chini, na hapa wengi hukosea: hachori kwanza kisha akapindua. Anachora vikiwa vimepinduka tangu mwanzo. Hakutaka kuacha watu, miti na ndege, lakini pia hakutaka mtazamaji ashike hadithi akaisahau picha.

Mimi nililielewa jambo hilo kupitia meza yangu ya kazi. Kurasa zikipangwa kwenye karatasi kubwa kabla ya kukunjwa, nusu yake hukaa kichwa chini. Nimekagua nyuso za marehemu wengi zikiwa hivyo. Uso ukipinduka, humwoni tena mzee fulani wa Seme. Unaona wino umezidi chini ya kidevu, shavu limepauka, mstari wa kola umeyumba. Mzee anarudi ukigeuza karatasi. Kwa Baselitz hakuna kugeuza, na ukikaa mbele ya tai wake kwa muda unaanza kuona mikwaruzo, uzito wa weusi, mahali mkono ulipokaza na ulipolegea.

Michoro yake ya rangi ya mafuta sitaigusa maishani, hilo nalijua. Chapa ni habari nyingine. Amechapa tangu miaka ya sitini, kwa sahani za chuma zilizochimbwa kwa asidi, kwa mbao, na kwa lino, ile linoleum ya sakafuni ikichongwa. Baadhi ya chapa zake za lino za mwishoni mwa miaka ya sabini zina urefu kama wa mlango. Chapa ndogo ya asidi iliyotolewa kwa nakala nyingi huuzwa mnadani Ujerumani kwa euro mia kadhaa hadi elfu chache. Ni pesa nyingi, lakini ni pesa ambayo mtu anaweza kuiwekea akiba. Ila kumbuka ada ya mnunuzi: robo ya bei au zaidi huongezwa juu ya bei iliyogongewa nyundo mnadani, na anayeisahau hulia baadaye.

Kabla ya kutuma senti nilisoma orodha rasmi ya chapa zake iliyoandaliwa na Fred Jahn, inayofika hadi 1982. Kila chapa imeandikwa humo: vipimo vya sahani, aina ya karatasi, idadi ya nakala. Sehemu iliyobaki nilikuwa nayo tayari mkononi, maana karatasi na wino ndiyo riziki yangu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea ofa tamu ya “chapa halisi, imesainiwa”. Nikamwomba picha ya karibu ya kona moja, karibu kiasi cha kujaza skrini kwa eneo la ukucha. Alipoituma, nikaona vidoti: samawati, waridi, manjano na nyeusi, vimejipanga kwa pembe zilezile ninazozipanga mimi kila siku. Hiyo ilikuwa bango la ofseti, yaani picha iliyonakiliwa kwa mashine, lililopigwa sahihi juu. Hata sahihi yenyewe ilikuwa na vidoti! Nilimshukuru kwa adabu nikafunga mazungumzo.

Chapa ya asidi hujitambulisha kwa njia nyingine. Sahani inapobanwa kwenye karatasi yenye unyevu huacha bonde, na ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unausikia ukingo wake. Mistari yake imejaa, haina vidoti, na wino umeinuka kidogo. Chini kushoto huwa na namba, mathalani 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50. Herufi E.A. ni nakala za msanii mwenyewe. Namba ndogo haina maana kwamba chapa ni bora, hata kama muuzaji atakuapia.

Tai wangu, chapa niliyoinunua hatimaye, alisafiri na shemeji anayeishi Hamburg, akiwa bapa katikati ya kadibodi mbili. Forodhani alitoa risiti, tukalipa kilichotakiwa, VAT ya asilimia 16 ikiwemo. Risiti hiyo ninaitunza kuliko logibuku ya gari.

Kazi ngumu ilianzia Kisumu. Fundi wa fremu niliyempelekea, kijana hodari sana wa mbao, alikuwa ameshachukua gundi aibandike chapa kwenye hadibodi, na wembe apunguze pambizo “ikae vizuri”. Nilimshika mkono.

“Mzee, sasa itakaaje bila gundi?”

Tukakaa chini. Karatasi ilishikwa juu tu kwa vipande viwili vya karatasi laini vilivyopakwa wanga wa ngano, ambao ukitiwa maji huachia bila kuumiza. Nyuma tukaweka kadi isiyo na asidi, na mbele kadi iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse wino, kwa sababu unyevu wa ziwa ukinasa kati ya kioo na karatasi huzaa ukungu. Nyuma ya fremu tuliziba kwa tepu pande zote. Msimu wa wadudu wa ziwani ukifika, wale wanaofunika taa za varandani, hupenya popote. Nimeitundika ukuta wa ndani wa korido, jua haliufikii, na mchwa wangelazimika kupita sebuleni kwanza.

Baselitz mwenyewe ni mkusanyaji: chapa za mbao za Ulaya za karne ya 16, na sanamu za Kiafrika, za Kongo hasa. Nikiona hilo huwa najiuliza kwa nini sisi tupeleke macho Ujerumani tu. Kwa hiyo shilingi za mwaka huu nimeziweka kwa wachapaji wa kwetu. Peterson Kamwathi, aliyezaliwa 1980, ni mmoja wa waliochonga mbao na kuchapa kwa nguvu ileile ya mstari, na ukinunua kwa msanii aliye Nairobi unaweza kumuuliza uso kwa uso alichapa nakala ngapi na pleti iko wapi. Mpwa wangu naye ameanza kuchonga plaiwudi kwenye karakana yangu. Jaribio lake la kwanza lilitoka maandishi kinyumenyume, na nakala hiyo nimeinunua, na tarehe nimemwandikisha kwa penseli.